Ndoto za Nia Nal, na yale tunayoyaona macho wazi

(Maneno haya yalisemwa Chake Chake, Pemba, baada ya sala ya Isha, mbele ya vijana wapenzi wa tamthilia na wazee wao. Yameandikwa hapa karibu kama yalivyosemwa.)

Wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu vijana, Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Vijana wa hapa wamenipa swali moja, nao wamelibishania barazani mpaka wengine wakanuniana. Wanauliza hivi: shujaa wa kwenye tamthilia anapoota, ile ndoto inabashiri kweli yatakayokuja, au anaota tu kama tunavyoota sisi? Wapo waliosema inabashiri kila kitu, neno kwa neno. Wapo waliosema ni ujanja wa waandishi wa kutuweka mbele ya kioo mpaka usiku wa manane. Sitaki kuwachosha kwa kulizunguka, kwa hiyo jibu langu nalitoa sasa hivi. Inabashiri. Ila inabashiri kidogo kuliko mnavyodhani, na hicho kidogo ndicho kilichonileta hapa.

Mfano mlionipa ni Nia Nal wa tamthilia ya Supergirl, basi tuanze naye. Kwa wazee ambao hawaifuatilii, tamthilia hii ni ya Marekani. Ilianza mwaka 2015 na ikamalizika 2021 baada ya misimu sita. Steringi wake ni Kara Danvers, msichana wa sayari nyengine ambaye mchana ni mwandishi wa habari na shida ikitokea anaruka angani kuokoa watu. Nia anaingia msimu wa nne, mwaka 2018, akiigizwa na Nicole Maines. Ni mwandishi mchanga, mgeni kazini, na Kara ndiye anayemshika mkono. Na ana tatizo: anapitiwa na usingizi pasipo mahala pake. Wenzake wanadhani amechoka. Mwenyewe anajua kinachomsibu lakini anakikimbia, maana mama yake asili yake ni sayari ya Naltor, na katika ukoo huo wanawake huota yajayo. Kila kizazi nguvu hiyo humwendea binti mmoja. Nyumbani kwao wote walikuwa wakimtazamia dada yake, Maeve, aliyesoma na kujitayarisha maisha yake yote. Ikamwendea Nia, ambaye hakuitarajia wala hakuiomba.

Sasa tazameni anachokiota. Nia haoneshwi taarifa ya habari ya kesho. Hasomewi jina la muuaji, saa wala mtaa. Anaona vipande: sura iliyofichwa, mahala asipopajua, kitu kinachomtisha bila kujua kwa nini kinamtisha. Anazinduka na jasho, na hapo kazi ndiyo kwanza inaanza. Inabidi amwendee Kara. Inabidi akae na Brainiac 5, yule mwenye akili ya kompyuta aliyetoka karne ya 31, wachambue ndoto kipande kwa kipande, hiki kina maana gani, kile kinaelekea wapi. Kwa njia hiyo wanafika kwa kiongozi wa kundi la kuwachukia wageni, mtu aliyekuwa akijificha nyuma ya barakoa. Ndoto peke yake isingemfikisha mtu popote. Mkitaka kujua nguvu ya Nia iko wapi, msimtazame amelala. Mtazameni baada ya kuamka.

Na hili halikuanza na tamthilia. Nia alitungwa kwa kumfuata msichana wa zamani zaidi wa vitabu vya katuni, Nura Nal, naye wa Naltor, ambaye katika hadithi hizo amezaliwa miaka mingi mbele katika ukoo huo huo. Nura alitokea mara ya kwanza mwaka 1964, na kisa chake cha kwanza nakipenda kuliko visa vyote vya aina hii, kwa hiyo niwieni radhi nikikaa nacho kidogo.

Nura anaota kwamba mashujaa saba wa kikosi kimoja wamo ndani ya chombo cha angani, chombo kinaripuka, wote saba wanakufa. Anajua ndoto zake hazisemi uongo. Basi anafanya hila ajiunge na kikosi chenyewe, na akishaingia anaanza kuwachongea wale saba mmoja mmoja. Huyu anatiwa makosani, yule anasimamishwa, mpaka wote saba wametoka kikosini. Wenzake wanamwona fitina, mtu aliyekuja kuvunja umoja wao. Yeye anavumilia chuki yote ile kwa sababu anataka tu wasiwemo chomboni siku ikifika. Siku inafika. Chombo kinaripuka kweli. Na waliomo ndani ni saba kweli, wenye sura zile zile alizoziona. Kumbe ni mashine zilizotengenezwa kwa mfano wa mashujaa wale, zimetiwa mle kwa majaribio. Hakufa mtu.

Hebu niambieni, ndoto ile ilisema kweli au uongo? Kila alichokiona kilitokea: chombo, moto, nyuso saba. Kilichokosekana ni kile alichokiongeza mwenyewe kwa khofu yake, kwamba wale ni watu na kwamba wanakufa. Ndoto ilimpa picha, na maana ya picha akaitia mwenyewe.

Sasa nataka kusema jambo kwa adabu, na masheikh waliopo hapa wanisahihishe. Sivilinganishi visa vya televisheni na Kitabu cha Mwenyezi Mungu. Kile ni wahyi na hivi ni utunzi wa watu. Lakini sisi Waislamu hatukungoja Marekani itufundishe kuhusu ndoto. Surat Yusuf tumeisoma chuoni tukiwa watoto. Mfalme wa Misri anaota ng'ombe saba wanene wanaliwa na saba waliokonda, na mashuke saba mabichi na mengine makavu. Wakubwa wake wanamwambia hizo ni ndoto za ovyo zilizochanganyika. Anaitwa Yusuf, alayhi salaam, kutoka gerezani. Na yeye haishii kusema kwamba ukame unakuja. Anasema limeni miaka saba mfululizo, mtakachovuna kiacheni kwenye mashuke yake isipokuwa kidogo mtakachokula, kisha itakuja miaka saba ya shida itakayokula mlichokiweka, na baada yake mwaka wa mvua.

Ukame ulikuja kama ulivyooneshwa. Lakini watu hawakumalizika kwa njaa, na hata kaka zake walisafiri kutoka mbali kuja kununua chakula hapo hapo Misri. Kwa hiyo anayeuliza "ikiwa balaa limezuilika, ndoto ilikuwa ya uongo?" ajibiwe kwamba ukame na kufa kwa njaa ni mambo mawili. La kwanza mfalme alioneshwa. La pili halikuandikwa ndotoni, liliachiwa mikono ya watu, ghala na hesabu ya nafaka. Vijana wangu, mabishano yenu ya barazani yote yamekwama hapo. Mnachukua alichokiona Nia, mnakiunganisha na mwisho wa kisa, mkiona havilingani mnasema amekosea.

Ipo tamthilia nyengine, Heroes, iliyoanza kuoneshwa 2006, nayo inasimama upande huu. Mle yumo mchoraji, Isaac Mendez, anayechora mambo kabla hayajatokea, na picha kubwa aliyoichora ni mji wa New York unaripuka. Msimu mzima watu wanakimbizana na picha ile. Mwishoni mripuko unatokea, ila juu angani, kwa sababu mtu mmoja, Nathan, amembeba ndugu yake aliyekuwa karibu kuripuka akapaa naye mbali na mji. Picha ilionesha moto, na moto ulikuwepo. Mji ukasalimika kwa uamuzi wa dakika ya mwisho, tena wa mtu ambaye mpaka siku ile alikuwa tayari kuuachia mripuko utokee.

Nije kwa wale wanaosema ni ujanja wa waandishi. Wana haki yao, nami sitawanyang'anya. Ndoto ya kwenye tamthilia inakuwa kweli kwa sababu aliyeiandika ndoto ndiye atakayeandika na tukio. Wanakaa chumbani kabla ya kupiga picha, wanapanga msimu utaishaje, kisha wanarudi nyuma na kumwotesha Nia kipande cha mwisho ule. Ndoto pale ni ahadi kwa mtazamaji: kaa, kitu hiki utakiona. Wakiivunja ahadi bila sababu, watazamaji wanawakimbia. Ndiyo maana ndoto za tamthilia ni chache, zimechaguliwa, hazina upuuzi. Nia haoti kwamba amekwenda skuli bila viatu, wala hamuoti mtu aliyekwishafariki anamdai nazi mbili. Kila anachokiota kina kazi.

Zetu sizo hizo. Tangu 1953, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Chicago walipogundua kipindi cha usingizi ambacho macho huchezacheza chini ya kope, imejulikana kwamba kipindi hicho hujirudia mara kadhaa usiku mmoja na ndani yake ndimo ndoto nyingi zinamopita. Tunaota kila usiku, na asubuhi karibu zote zimeshatoweka. Sensa ya 2022 ilihesabu Pemba watu zaidi ya 540,000. Kila mmoja akiota mara mbili tu, ni ndoto zaidi ya milioni moja usiku mmoja katika kisiwa hiki peke yake. Na sisi ni watu wa bahari. Tutaota nini kama si maji, boti, samaki, mtu anayeaga bandarini? Kwa hiyo usiku wowote mtakaouchagua, yupo Mpemba anayeota chombo kinazama. Asubuhi chombo kinafika salama, ndoto inasahaulika, wala hakuna anayeiandika popote.

Hapa ninafika mahala pagumu, nami nitasema polepole, kwa sababu katika hadhara hii wamo walioachwa.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander I ilizama karibu na Nungwi ikitoka Unguja kuja huku kwetu. Hakuna mji wa Pemba ambao haukuzika, na wapo ambao hawakupata hata wa kumzika. Matanga yalipokwisha, watu walianza kusimulia ndoto. Mmoja alimuota ndugu yake amevaa nguo nyeupe, mwengine aliota maji yanaingia ukumbini. Simwambii yeyote kati yao kwamba amesema uongo. Mwenye msiba aachwe na kumbukumbu yake. Na dini yetu imetufundisha kwamba ndoto njema ni sehemu moja katika sehemu 46 za utume, basi mimi ni nani wa kufunga mlango ule?

Ninachokisema ni kwamba ajali ile ilikwishabashiriwa na watu waliokuwa macho. Meli ilibeba watu wengi kupita kiasi chake, na mizigo juu yake. Jambo hilo lilionekana pale gatini, chini ya taa. Wapo abiria waliotazama, wakaona jinsi watu walivyojaa, wakakataa kupanda. Watu wale hawakuwa na damu ya Naltor. Waliangalia meli, wakaamini macho yao, wakarudi nyumbani. Na mwaka uliofuata, Julai 2012, MV Skagit ikazama karibu na Chumbe, tukazika tena.

Inaniuma kila nikisikia tunatafuta nani aliota. Ningependa tuulize nani aliona, nani alisema, na nani aliambiwa akanyamaza. Nia akiota hatari, hana amani mpaka amemfikia mtu mwenye uwezo wa kuchukua hatua. Anapiga simu, anakimbia, anagonga mlango. Sisi tunaona hatari mchana kweupe, boti imelala upande kwa uzito, tunasema "Mungu atajaalia" na tunapanda. Mwenyezi Mungu ametujaalia macho, nayo ni katika majaaliwa yake.

Kuna na upande wa pili wa jambo hili, na hapa nasema zaidi na wazee. Wengi mnaukumbuka mwaka 1995, khofu ya popobawa, shetani aliyesemekana kuwavamia watu usingizini, ilipoanza hapa Pemba na kuvuka mpaka Unguja na Dar es Salaam. Watu walilala nje, ubavu kwa ubavu, moto unawaka usiku kucha. Jinamizi ni jambo la kweli kwa anayepatikana nalo: unazinduka, mwili hautii, kifua kimekandamizwa, unahisi kuna mtu chumbani. Waganga wa hospitali wanalijua, wanasema ni akili imeamka na mwili bado umo usingizini. Mateso ya mtu mmoja ya dakika chache, mwaka ule, yalisimuliwa nyumba kwa nyumba mpaka yakawa ya nchi nzima. Na walikuwepo wageni wa mitaa, na watu wasio timamu, waliopigwa kwa dhana tu.

Ndiyo maana tumeagizwa kwamba mwenye kuota ndoto mbaya ajikinge kwa Mwenyezi Mungu na shari yake, ageuke ubavu, asimhadithie mtu. Na Yaakub, alayhi salaam, aliposimuliwa na mwanawe kuhusu nyota kumi na moja na jua na mwezi, jambo la kwanza alilomwambia ni kwamba asiwasimulie kaka zake. Hata ndoto ya kheri ina watu wake wa kuambiwa. Nia naye hakupanda juu ya gari akatangaza sokoni. Alimchagua Kara, ambaye angeweza kumwambia "hapa umekosea" naye akasikiliza. Kijana aliyeota kuhusu jirani yake, akaamka na kusambaza ujumbe kwenye simu kwamba fulani ni mchawi, huyo hajafanana na Nia hata kidogo. Amefanana na yule kiongozi mwenye barakoa.

Na mkidhani Nia mwenyewe hadanganyiki, tazameni msimu wa sita. Mama yake alikwishafariki, na yeye ana kiu ya kumwona hata siku moja. Ndani ya usingizi anatokewa na Nyxly, kiumbe cha ulimwengu mwengine, anaahidiwa siku hiyo moja na mama yake. Anakubali. Siku anaipata, na Nyxly anapata njia ya kutoka kifungoni, na shida ya msimu wote uliobaki inatoka hapo. Mwenye kipaji cha ndoto kuliko wote ameingiliwa kupitia ndoto, tena kupitia lile analolitamani sana. Masheikh wetu wanazigawa ndoto mafungu matatu: iliyotoka kwa Mwenyezi Mungu, ya shetani, na ile ambayo nafsi inajisemesha mwenyewe. Mkiitazama sehemu ile ya Nyxly, mafungu mawili ya mwisho yamekutana mahala pamoja.

Nimebakiwa na swali moja, la binti aliyeliandika kwenye karatasi. Anauliza: Nia alikuwa na nguvu ya kuona yajayo, na mama yake akafa vile vile. Ana lawama?

Katika msimu wa nne Nia anarudi mji wa kwao, Parthas, na wakati yupo pale mama yake anafariki. Dada yake anagundua kwamba nguvu haikumwendea yeye, na uchungu wa vitu viwili kwa pamoja unamtoa maneno makali ambayo Nia anayabeba kwa muda mrefu. Nia mwenyewe anajiona mkosa. Nami nasema hapana, binti yangu, hana lawama. Kipaji kilikuwa ndiyo kwanza kinamfungukia, hajui kukisoma, hana wa kumsomea, na kipande alichooneshwa hakikumtosha kujua afanye nini. Lawama humfikia aliyejua na akaweza. Yeye hakujua wala hakuweza. Na kama hapa ndani yumo mtu aliyeota kabla ya tarehe 10 Septemba, asielewe alichokiota, kisha akaishi miaka yote hii akijilaumu kwamba angemzuia ndugu yake asipande, namwambia hivyo hivyo: hukujua, wala hakukuwa na kitu mkononi mwako. Njoo kwangu au kwa sheikh wako tukae tuzungumze, usilibebe peke yako.

Wassalamu alaykum. Kama kuna maswali mengine, nipo.